Sakafu Ifike Kiunoni

Papa,

Nyumba yako ya magurudumu imekwisha. Ninaanza na habari hiyo kwa sababu najua ungenikatiza katikati ya barua uniulize imekwisha au bado. Imekwisha. Nimeipaka ile rangi ya kijani uliyoichagua wewe, ambayo mimi niliiita rangi ya mlango wa zahanati. Sasa nimeizoea.

Lakini kabla haijaisha nilikaribia kumuua Mama ndani yake. Hilo nalo sina budi kukuambia, ingawa nafikiri unalijua tayari. Ulikuwepo.

Ngoja nikueleze kwa mpango, usinikimbize.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Rumangabo, ulikokwenda kutengeneza milango? Ulirudi na kamba ya katani yenye mafundo manne, umeishika kama mtu aliyebeba mayai. Ulikuwa umewaona wageni wawili wakivuta nyuma ya gari lao kijumba kidogo cha kulala, mbele kimeumuka, nyuma kimechongoka, mfano wa tone la maji lililolazwa. Wenyewe walipokwenda kula, ukakipima kwa kamba: fundo la urefu, fundo la upana, fundo la mlango, fundo la tairi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilisema, fundi wa chukudu wa Ndosho, mtu aliyetengeneza baiskeli za mbao za kubebea viazi na makaa maisha yake yote, leo anataka kuwa mtalii.

Hukucheka. Ulisema, "Mama, mulima ukiwaka tena, mama yako hatalala chini."

Wewe uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Hakuna anayeniita hivyo tena, Papa. Kuna siku nikiwa peke yangu kwenye karakana ninajiita mwenyewe, kwa sauti ndogo, halafu ninaona haya.

Mara ile ya mwisho mlima ulipomwagika moto, tulimkokota Mama, wote kwa miguu, mpaka Sake, na magoti yake yale, akalala siku tatu kwenye sakafu ya kanisa. Uliyaona magoti yake yamevimba. Ndipo likaja wazo lako la nyumba inayoweza kukimbia: nyepesi, mbao za mikaratusi na triplex, zile mbao nyembamba za kugandishwa, bati juu, mpini mbele kama wa chukudu, watu wawili waweze kuivuta au pikipiki moja.

Siku ya kupima sakafu ulimlaza Mama juu ya triplex, ukalala kando yake na viatu vyako, ukaniamuru niwazungushie penseli. Mama alisema, "Eee, munanipima sanduku mapema!" Tukacheka wote watatu. Michoro yenu miwili ikabaki pale juu ya ubao, wake mfupi na mpana, wako mrefu, bega moja limeinama kwa sababu ya miaka ya kusukuma randa.

Wiki mbili baadaye moyo wako ulisimama, saa nne ya asubuhi, ukiwa umekata ubavu mmoja wa nyumba na wa pili bado uko kwenye karatasi.

Sanduku lako la kuzikiwa nilitengeneza mimi. Wajomba walinikataza, wakasema si kazi ya binti. Niliwaacha waseme. Ila jambo moja sijamwambia mtu. Sikuweza kukupima, Papa. Nilishika mita, nikaja mpaka pale ulipolazwa, mkono ukakataa. Nikarudi karakana nikapima ule mchoro wa penseli. Sanduku lilikutosha sawasawa, na lile bega.

Baada ya matanga nikaanza kusafisha, na hapo ndipo upumbavu wangu ulipoanzia. Nyuma ya kiwanja, kwenye lile shimo la mawe ya mlima, kulikuwa na vumbi lako la mbao, la miaka mingapi sijui. Kila jioni ulikuwa unabeba gunia la maranda na vumbi unamwaga pale, unakanyaga, unaondoka. Mimi nikadhani ni uvivu wa kwenda jalalani. Nikawaita akina mama wa mtaani waje wachote kwa majiko yao. Walichota siku tatu wakiniombea baraka. Shimo likabaki safi, chini tambarare, pazuri kabisa. Nikaona pahali pa kuegesha nyumba yako, jua la mchana lisiharibu rangi.

Halafu nikakata ubavu wa pili, nikaiinua nyumba, nikaja kwenye magurudumu. Wewe ulikuwa umeandika kwenye nguzo ya karakana, kwa penseli nene: SAKAFU IFIKE KIUNONI. Chini yake mstari wa urefu huo. Nilipokuuliza zamani kwa nini juu hivyo wakati ile ya wageni ilikaa chini, ulinijibu, "Utaniulizaka siku ingine." Siku ingine haikuja. Nami nikafikiria magoti ya Mama, nikaona baba yangu amekosea hesabu, mtu wa miaka sabini atapandaje mpaka kiunoni? Nikatoa matairi yako ya pikipiki nikaweka yale madogo ya toroli. Sakafu ikashuka chini ya goti, tukaiteremsha nyumba shimoni. Mama akaingia kwa hatua moja, akapiga makofi. Nilijisifu, Papa. Siku nzima nilijisifu.

Kugonga kulianza siku iliyofuata.

Unajua wewe ulivyokuwa unagonga. Kila kazi ikiisha, vifundo vya vidole, mara tatu, ya tatu imechelewa kidogo, sikio karibu na mbao usikie kama kuna ufa. Nilikuwa nakunywa chai nikasikia mara tatu, kule nyuma. Ya tatu ikachelewa. Nikasema mbao inakauka. Kesho yake tena. Keshokutwa tena, mchana kweupe, jirani akipita na ndoo zake akasimama na kuniuliza nimeajiri nani huko nyuma. Nikamjibu ni mbao. Mbao gani inahesabu mpaka tatu, aliniuliza, nikamwambia aende na maji yake.

Nilihamishia lawama kwa panya, kwa bati, kwa watoto wa mtaani. Sikutaka kufikiria lingine. Unajua kichwa changu.

Ikafika Jumapili. Asubuhi ile hakukuwa na upepo hata kidogo, moshi wa majiko ulisimama juu ya nyumba bila kujua pa kwenda. Mama alitangulia kuamka, akachukua rozari yake, akaenda kusalia ndani ya nyumba yako. Ilikuwa kawaida yake siku hizo. Analala upande wake, upande wako anauacha wazi. Mimi nilikuwa karakana, nimechuchumaa natafuta viatu vya misa.

Zikaja tatu. Nikapuuza.

Zikaja tatu tena, kwa nguvu, na hazikutoka nyuma, Papa. Zilitoka kwenye nguzo ya karakana, karibu na sikio langu, pale palipoandikwa. Na kwa kuwa mimi nikiogopa hukasirika, nilitoka mbio kwenda kumgombeza Mama kwa mchezo huo.

Kuku wake mweusi alikuwa amelala kando ya tairi. Nikamsukuma kwa mguu. Alikuwa mzito na mlegevu. Hatua mbili mbele, mjusi, tumbo juu.

Mimi ni mtoto wa hapa. Mazuku ninayajua, tumefundishwa tangu utoto: hewa isiyo na moshi wala harufu, inatoka chini ya mawe na kujaa mashimoni kama maji, na anayelala ndani yake haamki. Lakini kwenye kiwanja chetu hakujawahi kufa hata panzi. Hakujawahi, kwa sababu shimo lilikuwa limejaa vumbi lako la mbao. Nilielewa pale pale, nimesimama juu ya yule kuku.

Mlango ulikuwa wazi, na ndani Mama alikuwa amelala chali, macho nusu, midomo imekuwa rangi ya biringanya. Nilitaka kuinama nimwinue. Hapo nikasikia, sijui kwa sikio au kwa kumbukumbu, maneno yako ya kila siku nilipokuwa naokota misumari karibu na shimo: "Mama, usiinamake pale." Nikabana pumzi, nikapinda magoti tu, kichwa juu, nikamshika kwapani, nikamvuta kinyumenyume mpaka barazani. Viatu vyake vilibaki njiani. Nilipoachia pumzi nikaanguka naye.

Alichelewa kurudi. Nilimpepea kwa kanga, nikamwita majina yake yote, nikakuita na wewe, nikakutukana kidogo, unisamehe. Kisha akakohoa, akafungua macho, akatazama nyuma yangu.

"Papa yako iko wapi? Alikuwa anagonga tangu asubui."

Nikamwambia, Mama, ni wewe uliyegonga. Akatikisa kichwa. "Miye? Sikukuwa na nguvu ya kuinua hata kidole."

Jioni ile ndipo aliponisimulia kuhusu Riziki. Miaka yote hii, Papa, sikujua kwamba ulikuwa na dada. Mama mwenyewe alilijua jina kwa sababu ulikuwa unaliita usingizini, na habari yenyewe alipewa na mama yako. Mbuzi alikuwa amelala bondeni, kule upande wa Sake, na Riziki akashuka kumchukua. Akainama. Wewe ulikuwa umesimama ukingoni, miaka tisa, unamwambia aache mchezo, ainuke. Ulisimama pale mpaka watu wazima walipofika, na hewa ilikuwa safi kabisa, mtu anaona kila jani.

Kwa nini hukuniambia? Nimekaa na swali hili na limeniuma kuliko msiba. Ungetamka sentensi moja tu. Badala yake uliandika kipimo kwenye nguzo, ukamwaga gunia la vumbi kila jioni miaka arobaini, ukaniachia nibahatishe. Nimekukasirikia sana. Kisha nakukumbuka ukilikanyaga lile vumbi, polepole, kwa miguu yote miwili, na hasira inaisha.

Sasa sikiliza habari njema. Tuliivuta nyumba yako mpaka mbele, penye mwinuko, karibu na barabara. Nimerudisha matairi ya pikipiki. Nilipima kutoka ardhini mpaka sakafuni, ikafika kiunoni mwangu, juu ya mstari wako kidole kimoja. Shimo ninalijaza upya, gunia kila jioni, na akina mama wa majiko wananinunia.

Kuhusu magoti ya Mama. Kulikuwa na kitu chako kona ya karakana, ngazi fupi ya vipandio vitatu, na kulabu mbili za chuma juu. Tangu ufe nilikuwa naweka makopo ya rangi juu yake. Nilidhani ni stuli ya mteja fulani asiyerudi. Juzi nilihamisha makopo nikaona kwa chini umeandika jina lake, la ubatizo, kwa herufi zako za kuinama. Nilizitundika zile kulabu mlangoni. Zikaingia bila kugongewa nyundo. Mama alipanda mwenyewe, kipandio kwa kipandio, hakushika mkono wangu. Alipofika juu alikaa mlangoni akining'iniza miguu na kulia, nami nikalia chini.

Kwa hiyo leo mchana nimefanya ulivyokuwa unafanya. Kazi imeisha, nikasogeza sikio kwenye ubavu wa pili, ule nilioukata mimi, nikagonga mara tatu.

Kutoka ndani zikajibu tatu. Ya tatu ikachelewa.

Mama alikuwa nyuma yangu barazani, anachambua maharage. Aliinua uso, akanitazama, akarudi kwenye sinia lake.

Sikufungua mlango, Papa. Lakini sikukimbia.

Lala sasa, upande wako hauna mtu. Nakuahidi sakafu haitashuka tena nikiwa hai, na shimo litajaa. Mlima ukiwaka nitamvuta Mama mwenyewe, juu, mbali na ardhi. Na ukiona kitu nisichokiona mimi, usiandike kwenye nguzo. Gonga. Mara hii nitakuja kwa ya kwanza.

Mama wako mdogo,
Furaha