Kwa Baraka, Mtoto wa Visiwa Viwili

Mpendwa mwanangu Baraka,

Najua huwezi kusoma. Lakini nisipokuandikia nitapasuka, maana hapa nyumbani, mtaani Mowlem, nikikutaja tu mama yangu ananirukia: "Na wewe bado unalilia nyani?" Nimechoka kumweleza kwamba wewe ni orangutani, na kwamba nilikulea miaka miwili kwa chupa, nikikubeba mgongoni kwa leso yangu ya maua, katika bustani ya wanyama ya tajiri mmoja kule Ghuba. Mama yako alikosa maziwa, nami ndimi niliyekuwa zamu.

Kosa lilianzia kwangu. Mama yako alipoletwa alijikunyata pembeni, hali chochote. Kwetu mpangaji mpya akishinda ndani akilia, jirani humgongea mlango. Basi nikafungua lango la kati, baba yako aliyekuwa kizimba cha pili akaingia. Wote wekundu, wote manyoya marefu; ningejuaje?

Unaikumbuka ile sindano ya damu? Uliniuma kidole, kovu ninalo hadi leo. Baadaye daktari alinionyesha picha ya kromosomu zako, zile nyuzi za urithi, zimepangwa mbili mbili. Jozi moja haikulingana: kwenye mojawapo, kipande kilikuwa kimegeuka juu chini.

"Wa kisiwa cha Borneo wako hivi, wa kisiwa cha Sumatra wako vile," akasema. "Huyu ni wa kote kuwili."

Nikamuuliza kama unaumwa. Akasema u mzima kabisa, ila hakuna bustani itakayotaka uzae, wala msitu watakaokurudisha, maana hawataki damu za visiwa hivyo zichanganyike. Utakaa peke yako. Na nyinyi huishi miaka mingi, Baraka. Nilikaa sakafuni nikalia, wewe ukinivuta masikio ukidhani tunacheza.

Mkataba ulipokwisha niliomba kuongezewa, wakakataa. Ningefanya nini? Sasa nauza nguo za watoto sokoni Gikomba, na mtu akipita na leso ya maua mgongoni, namsahau mteja aliye mbele yangu.

Kila nilipokwenda kukuchemshia maziwa nilikuambia, "Nakuja sasa hivi," nawe uliacha kulia ukangoja. Siku ya mwisho nilibeba sanduku langu hadi mlangoni pako. Nikasema lilelile.

Mwenzangu aliyebaki huko amenipigia simu. Anasema kila jioni, saa ya chupa, unakaa mlangoni umejifunika gunia kichwani, na ukitolewa hapo unarudi.

Usiningoje, mwanangu. Ningekuambia hivyo, lakini kungoja ndiko nilikokufundisha.

Ni mimi niliyekufungulia lango,
Mama yako wa chupa