Neno "Ipo" Nililokuambia Mara Kumi na Moja

Mjomba wangu,

Mchana mmoja nilikuambia neno moja mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nilikudanganya. Sijamwambia mtu. Si mama, si rafiki, wala daftari langu ambalo huwa naliambia kila kitu. Neno lenyewe ni "ipo."

Wewe ungelielewa papo hapo. Lakini watakaoisoma barua hii hawajui, kwa hiyo itabidi nieleze mambo unayoyajua kuliko mimi. Univumilie. Naiandika wazi, bila bahasha, kwa sababu waliosema vibaya juu ya kazi yako walisema wazi, kwenye matanga yako, huku wameshika vikombe vya chai tulivyowapa sisi.

Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwa yetu wawili. Miaka ile ya Eldoret, mama alipobaki huku Juba kumuuguza bibi, wewe ulikiokota gereji na mimi nikafundishwa shuleni. Ukisema "mimi iko njaa," nami nikakusahihisha, ulikuwa unanijibu, "Njaa yenyewe imenielewa, lete ugali." Tuliporudi Juba tuliendelea nacho. Mama alikuwa anatutazama tukicheka na kutuambia kwa Kibari kwamba tunamsengenya.

Ulikuwa fundi wa betri. Nyundo na jenereta za gereji zilikuwa zimekula masikio yako kabla hujafika miaka arobaini, na jambo hilo lilikuaibisha kuliko viatu vilivyotoboka. Nikitoka shuleni uliniita kabla sijavua sare. "Sikio! Kuja hapa. Hii inachemka ama imenyamaza?" Nilikuwa nainama juu ya betri inayochajiwa na kusikiliza yale mapovu madogo. "Inachemka, Mjomba." Basi, ulikuwa unaendelea na kazi. Hukuwahi kuhakikisha. Mimi ambaye darasani siwezi kunyoosha mkono hata nikiwa na jibu, kwako neno langu moja lilitosha.

Hapa Atlabara ulijenga banda la mabati nyuma ya nyumba, na watu wakaanza kukuita Usta, yaani fundi. Namkumbuka yule mwendesha boda kutoka Uganda aliyeleta betri imevimba kama maandazi.

"Usta, hii iko mzima ama iko maiti?"

"Maiti. Lakini si wewe unaenda kanisa? Rudi siku ya tatu."

Sahani za risasi ulizozitoa kwenye betri zilizokufa uliziyeyusha kwenye sufuria yako nyeusi. Ulitengenezea vichwa vya betri, na iliyobaki uliimimina kwenye kalibu za udongo kupata vizito vya nyavu kwa wavuvi wa Rejaf. Siku tulipowapelekea walitupa samaki wa kukaanga, ukala mpaka ukafungua mshipi. Ulisema, "Ona, Sikio. Betri imekufa Juba, sasa inakamata chakula Rejaf." Kizito kimoja kilichotoka vibaya ulinipa mimi, nikiweke juu ya kurasa upepo usinipotezee mahali nilipofika. Ndicho kinachoshikilia karatasi hii.

Kisha betri zikaanza kuibwa. Mara ya kwanza mbili, mara ya pili moja, ile kubwa ya lori ambayo haikuwa hata yako. Ulimlipa mwenyewe na hukulalamika. Ulikaa tu mlangoni mwa banda ukitazama ukuta wa nyuma, alikorukia mwizi.

Mimi nilimjua aliyeiba, Mjomba. Hili nalo hukulijua. Ni kijana wa darasa letu, jina lake nalizuia hata sasa. Alikuwa ananiazima vitabu, na ni mmoja wa watu watatu shuleni wanaonisalimia bila kutaka kitu. Jumatatu baada ya wizi wa pili alikuja na shati lenye matundu madogo begani, mengi, kama lililopigwa sindano.

Nikamuuliza, "Shati limefanya nini?"

"Panya."

Panya hali hivyo. Mashati yako yote yana matundu hayo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyafua. Ni maji makali ya betri, yanayodondoka ukiibeba begani. Nilimtazama, naye akatazama dirishani. Mimi husema mambo yangu kichwani, na huko huwa nayasema vizuri sana.

Wiki ile ile ukaitoa bastola ya babu.

Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha madhabahu kilichochakaa, nzito, ya silinda, ya zamani sana. Ulicheka kwamba hata jeshini kule Bilpam hawana risasi zake, labda kwenye makaburi ya waliozitumia. Ulikuwa na maganda ya shaba kumi na moja tu, yale yale aliyoyaacha babu. Ukaamua kuyajaza mwenyewe.

Mama alikuuliza, "Utampiga nani na hicho chuma?"

Ukamjibu, "Yule wa ukuta. Amekuja mara mbili. Mara ya tatu hatatoka. Kalas."

Ulisema hivyo ukitafuna, bila hasira. Ndiyo maana niliamini.

Ulifanya kazi ile kama ulivyofanya kila kazi, polepole, ukijisemesha. Sufuria ilikuwa ile ile ya wavuvi, na upawa ule ule. Kalibu ulichonga upya, na vichwa vya risasi vilipopoa uliviviringisha kimoja kimoja juu ya kioo, na kilichokuwa kinayumba ulikirudisha motoni. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo na kitabu changu, nikisoma sentensi moja bila kuielewa. Unajua nilichokuwa nakiona? Lile bega lenye matundu.

Ulikuwa umeshatia fataki chini na baruti juu yake. Maganda yote kumi na moja yalisimama wima kwenye ubao ulioutoboa matundu, yanasubiri vichwa. Mtu akagonga geti na kuita "Usta!" Hukumsikia, nikakwambia mimi. Ukatoka.

Nilichana karatasi katikati ya daftari la Kemia. Nilimimina juu yake baruti ya maganda yote, moja baada ya jingine, nikayarudisha mahali pake, nikakunja karatasi na kuitia mfuko wa sketi. Mikono yangu ilifanya polepole, kama yako.

Ulirudi ukavaa ile miwani yenye ufa na kuanza kukandamiza vichwa. Ndani ya banda hakuna mwanga wa kumwonesha mtu chini ya ganda. Kwa hilo ulikuwa na utaratibu wako: kila risasi iliyokamilika inatikiswa kwenye sikio, na kama baruti ipo inasikika, kama mchanga kwenye kopo. Lakini masikio hayakuwa yako.

"Sikio, leta sikio."

Uliitikisa ya kwanza karibu na shavu langu. Kimya kabisa.

"Ipo?"

"Ipo, Mjomba."

Ukaiweka kwenye kopo la maziwa. Ya pili. "Ipo?" "Ipo." Mpaka ya kumi na moja. Baadaye ulinipapasa kichwa kwa kiganja chenye masizi na kusema, "Bila wewe ningekuwa nafanya kazi na Mungu tu, na Yeye hajibu haraka." Baruti niliitupa chooni.

Nilipanga kukuambia. Nataka uniamini katika hili hata kama huniamini katika mengine. Nilitaka kwanza nizungumze na yule kijana, aache, halafu nije kwako. Niliandika hata maneno ya kumwambia, nikayarekebisha mara tatu. Siku tisa zikapita nikiyarekebisha.

Siku ya tisa hakuja yeye. Walikuja wanaume watatu tusiowajua, saa kumi jioni, mvua ikipiga mabati hivi kwamba jirani hakusikia geti likivunjwa. Walitaka jenereta yako ya kuchajia betri. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nyuma yako, kati ya betri na ukuta. Wawili wao walikuwa na bunduki.

Uliinyoosha ile bastola kwa mikono miwili na kuwaambia watoke. Ulisema vizuri, kwa heshima. Mmoja akapiga hatua. Ukavuta.

Ilitoa sauti ndogo ya fataki, kama kizibo cha soda. Wewe hukuisikia. Ulihisi tu kwamba mkono haukurushwa. Na ukafanya kile ulichokuwa ukifanya kila mara usiposikia kitu: uligeuza kichwa ukanitazama mimi, nikuambie.

Sikukuambia. Mmoja wao akacheka, akasema kwa Kiarabu chetu cha Juba kwamba bunduki ya mzee imekohoa. Mwingine hakucheka. Yake haikukohoa.

Sijui kama baruti ingekuokoa. Nimelifikiria hili kama hesabu. Wao watatu, bunduki mbili, wewe na miwani yenye ufa. Labda ungekufa vilevile. Labda wangeuawa wawili, nami nikafa pale nyuma yako. Labda sauti yake ingewaleta majirani. Kila nikifika mwisho wa hesabu nauona uso wako ukinigeukia, na hesabu inafutika.

Walichukua jenereta na bastola. Mvua ilipokwisha watu walijaa uani, nami nikawasimulia kila kitu, hata lile neno la kukohoa, isipokuwa habari ya baruti.

Kwenye matanga yako nilikuwa napitisha chai. Wazee waliokuwa wakikuletea betri zao walikaa chini ya turubai na kuongea.

"Usta alikuwa mtu mzuri, lakini ona. Fundi wa betri si fundi wa bunduki."

"Risasi ya kupikwa kwenye sufuria! Hata mtoto angejua."

"Imekohoa, wanasema. Ati imekohoa!"

Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka matangani wakichoka kulia. Na mama, dada yako, akiwa amelala kwenye mkeka na khanga usoni, akasema, "Ndugu yangu ameuawa na mikono yake mwenyewe." Nikaendelea kupitisha sukari.

Yule kijana wa matundu alikuja pia. Alibeba viti tangu asubuhi bila kuombwa, akalia kuliko jamaa zako. Shati lake lilikuwa limetiwa viraka begani, viraka vidogo vya mkono. Yuko hai. Juzi alipata alama za juu katika Historia. Nikimwona nafurahi, kisha nachukia kwamba nimefurahi.

Tangu hapo watoto wa mtaa mtu akipaliwa wanasema "amekohoa kama ya Usta." Hakuna aliyejaza nafasi yako. Banda limefungwa kwa waya. Jana mwenye boda mmoja alisimama getini, akatazama, akaondoka na betri yake mgongoni. Naona wanafikiri kwamba kama risasi zako hazikuwa na maana, labda na betri zako hazikuwa. Mjomba, uliviringisha kila kichwa juu ya kioo. Vyote vilienda sawa. Mimi niliviona.

Yaliyo hapo juu niliyaandika siku ya Alhamisi. Sasa ni Jumapili jioni, na nitakuambia nilichofanya.

Jana mama alikuwa uani anachambua mboga. Katika kopo la maziwa zilibaki risasi tano, maana sita ulikuwa umezitia kwenye silinda. Nililichukua kopo, nikapiga magoti mbele yake, nikaitikisa ya kwanza karibu na sikio lake.

"Unafanya nini?"

"Sikiliza, mama."

"Sisikii kitu."

Nikatikisa ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne alinishika mkono.

"Hazina kitu," akasema.

"Hazikuwa na kitu tangu siku ile. Yeye alitia. Mimi nilitoa, nikamwambia ipo."

Nilimwambia yote, isipokuwa jina la yule kijana. Mama aliichukua ya tano akaitikisa mwenyewe, muda mrefu, kama mtu anayesubiri simu ipokewe. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Wale waliomcheka hawajui?"

"Hawajui."

Akarudi kwenye mboga zake. Baadaye alisema, bila kunitazama, "Kesho watajua."

Leo kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama. Unajua sijawahi kusimama mbele za watu hata kusoma somo. Nilisema, "Kazi ya mjomba wangu haikuwa na kosa. Baruti niliitoa mimi, kwa sababu sikutaka amuue mtu. Yeye alikuwa kiziwi, akaniuliza, nikamdanganya." Sauti yangu haikufika nyuma. Mchungaji akaniomba nirudie. Nikarudia, neno kwa neno. Nikakaa.

Mzee wa kanisa akasoma tangazo lililofuata, la kufagia uwanja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Hajazungumza nami tangu hapo. Nimefungua waya wa banda, nimefagia ndani, na zile risasi tano nimezirudisha kwenye kopo, juu ya rafu, karibu na miwani yako.

Ni mimi, mpwa wako, uliyeniita Sikio.