Buibui Aliyekuja na Mgomba

Jumatatu, 8 Julai 1974

Nimebadilisha maji kwenye kifuniko cha chupa, ndani ya chungu cha buibui. Nimemtoa panzi wa jana, mzima, hajaguswa. Nimemtia mwingine, mnene zaidi. Buibui hakusogeza hata mguu mmoja. Mwezi uliopita angemrukia kabla sijaondoa mkono.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Huku juu ya Mlalo, Julai haina huruma. Kwetu Zirai hakuna baridi ya namna hii, na buibui huyu ni wa huko kama mimi.

Naomi, mke wa mwanangu, amepita na ndoo akikizunguka chungu kwa mbali. Mume wake yuko kazini Tanga, kwa hiyo vituko vyangu anavibeba peke yake. "Baba, wenzako wanafuga kuku."

Kweli. Wanafuga kuku.

Jumanne, 9 Julai

Hakula.

Niandike alivyofika. Mwezi wa tano nilimwagiza mpwa wangu Hoza aniletee chipukizi la mgomba kutoka shamba la mama, Zirai, mahali kitovu changu kilipozikwa. Nilikuwa nimesikia shamba litafyekwa. Hoza aliwahi. Wiki iliyofuata hakukusalia hata shina.

Tulipofungua gunia hapa uani, buibui akatoka kwenye udongo wa mizizi. Mkubwa kama kiganja cha mtoto, manyoya yote, rangi ya kutu. Naomi akapiga yowe. Hoza akaokota jiwe, nikamshika mkono. Nikawaeleza wote wawili: mama alikuwa akimwaga maji kando ya shimo la buibui wa aina hii kabla ya kupalilia, ili azame chini asikatwe na jembe. Hakuwahi kumuua hata mmoja. Hoza alinitazama kama mtu anayemwona mjomba wake akizeeka ghafla.

Nililipanda chipukizi nyuma ya nyumba, na udongo wake wote. Likaoza kwa baridi.

Amebaki huyu.

Alhamisi, 11 Julai

Usiku mikono yangu ilikufa ganzi ndani ya blanketi. Je, yeye kwenye chungu kitupu?

Nimepata mahali. Darini, juu ya meko, tunapoweka mahindi ya mbegu. Pakavu, pana joto mchana na usiku. Mbegu hukaa huko mpaka mvua na hakuna fukusi anayezigusa. Nimekipandisha chungu mwenyewe, magoti yakilalamika. Naomi hajui.

Nimeridhika na nafsi yangu leo. Ni mara ya kwanza mwezi huu.

Jumamosi, 13 Julai

Naomi alipanda kuchukua mahindi. Akashuka bila mahindi. "Baba, yule mnyama wako ananitazama nikipika!"

Nikapanda mimi. Nikachukua gunzi moja, nikalikung'uta. Vumbi la fukusi likaniangukia kiganjani. Wote wamekufa, wakavu kama pumba.

Moshi. Moshi ndio unaowaua. Kila mtoto wa milima hii anajua kwa nini mbegu huwekwa darini. Nimelijua jambo hilo miaka arobaini, nimewafundisha watoto darasani, na bado nikamweka humo kiumbe mwenye miguu minane.

Nimemshusha. Anatembea kama mlevi. Mpumbavu mimi.

Jumapili, 14 Julai

Chungu kiko chumbani kwangu, kimezungushiwa sweta. Kitabu changu cha elimu ya viumbe kina kurasa mbili tu za buibui. Juu ya buibui anayekataa kula, hakuna neno. Juu ya moshi, hakuna neno.

Baada ya ibada mwenyekiti wa kijiji alitangaza: Jumatano wapiga dawa ya wadudu watafika. Vyombo vyote nje, kila nyumba, kila chumba, jiko pia. Nikamwomba chumba changu kiachwe.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kwanza, kwa adabu zote. Halafu: "Kijiji ni kimoja. Chumba chako kikiachwa, papasi wote watahamia kwako wakuombe hifadhi."

Watu walicheka. Nilicheka nao.

Jumatatu, 15 Julai

Ametandika utando mweupe ndani, chini kabisa mwa chungu, mnene kama kitambaa. Amelala juu yake chali. Miguu juu. Nilimpulizia pumzi. Hakutikisika.

Nimemuua.

Sikuweza kula. Nilimwambia Naomi ni tumbo.

Jumanne, 16 Julai

Yuko vilevile.

Mzee Kaniki wa nyumba ya juu alikuja jioni kunitania, kama kawaida yake. Kwake mimi ni Mbondei, mtu wa kuja, mpaka leo, ingawa mke wangu nimemzika kwenye mlima huu huu.

"Mbondei, nasikia una msiba wa mdudu. Nilete mkeka?"

Alipoona uso wangu akaacha kucheka. Akakaa kitako, akavuta tumbaku yake. Halafu akasema, "Basi tumzike kabla ya kesho. Maiti haipuliziwi dawa."

Akachukua jembe langu, akachimba pale chipukizi lilipooza, kwenye udongo ule uliokuja ndani ya gunia. Akachimba shimo refu, la heshima. Alipolimaliza jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya mlima. Nikamwambia kwetu hatuziki jua likishazama.

"Hata buibui?"

"Hata buibui."

Akaegemeza jembe ukutani, akaenda zake akitikisa kichwa.

Sina ninachoweza kuandika zaidi. Shamba halipo, mgomba haupo. Nikifa mimi, hapatakuwa na chochote mlimani hapa kinachotoka kwa mama yangu. Wanangu wamezaliwa hapa, ni wa hapa. Sivyo nilivyotaka kuzeeka.

Jumatano, 17 Julai

Niliamka kwenda kumzika. Ndani ya chungu walikuwa wawili.

Mmoja mtupu, amepasuka mgongoni, mwepesi kama ganda la kitunguu. Wa pili kando yake, mkubwa kuliko jana, amepauka, laini, anakunja na kukunjua miguu taratibu kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Nililia kwa sauti. Naomi akaja mbio akidhani nimeanguka. Akachungulia.

"Baba, amejivua! Kama nyoka!"

Wakati huo wapiga dawa walikuwa wameshaingia kwa Kaniki. Nilisikia pampu zao. Nilishika chungu, nikajikwaa kizingitini nusura kinidondoke. Nisingefika popote bila kumwangusha.

Naomi akaninyang'anya. Naomi, ambaye hakuwahi kukikaribia! Akakifunika kwa khanga yake, akapanda nacho kilimani upande upepo unakotoka, akakaa huko mpaka mchana akiwa amekipakata, uso ameugeuzia pembeni.

Nilimuuliza kijana wa pampu dawa itakaa muda gani ukutani. Akasema miezi, kwa fahari.

Kwa hiyo hawezi kurudi ndani. Chumbani kuna dawa, darini kuna moshi, nje kuna baridi. Nilisimama uani kama mtu aliyefukuzwa katika nyumba yake.

Shimo la Kaniki lilikuwa wazi. Jioni mimi na Naomi tulikilaza chungu ndani yake ubavu, mdomo ukitazama juu kidogo, tukarudishia udongo wa Zirai pande zote. Nimefunika kwa blanketi langu. Usiku huu nitalala na koti.

Baridi itamuua. Najua. Lakini sikuwa na pengine pa kumpeleka.

Jumapili, 21 Julai

Hajaonekana. Blanketi limelowa umande. Kaniki amepita: "Marehemu hajambo?"

Jumamosi, 10 Agosti

Jua kidogo leo.

Nimeondoa blanketi. Pembeni mwa chungu kuna shimo jipya, la mviringo, limezama chini kuliko mkono wangu unavyofika. Mdomo wake umezungushiwa nyuzi. Asubuhi hii zilikuwa na umande, na chini yake kulikuwa na bawa la panzi.

Magugu yamesongamana pale. Nilikwenda kuchukua jembe. Niliporudi, Naomi alikuwa amenitangulia na kata ya maji. Alikuwa ameinama, anamwaga maji polepole kando ya shimo. Sikuwa nimemwagiza.

Akasubiri kidogo. Kisha akasogea nipite.

Nikapalilia.