Kwa Etenesh, Ambaye Kitabu Chake Kilihifadhiwa Vichwani mwa Wenzake

Mwaka umetimia leo, mama, tangu alfajiri ile ya mwezi wa Tir ulipotutoka hapa Dessie. Vioo vya dirisha vilikuwa vimeganda kwa baridi na Baba alikuwa bado amekushika mkono, hataki kuamini kwamba mkono ule haumshiki tena.

Miaka ishirini na sita ulikaa kwenye ofisi ya simu, ukiunganisha watu wa mji huu na jamaa zao wa mbali. Ulirudi nyumbani sauti imekauka, ukatupikia mchuzi wa shiro, ukatukagua masikio kama tumeyasafisha. Kisha uliketi kando ya pipa la unga wa teff, ukaweka daftari juu ya kifuniko, ukaandika. Kalamu ya wino ulikuwa ukiichomeka kwenye nywele, halafu unaitafuta nyumba nzima huku ukitulaumu sisi.

Tulijua unaandika. Tusifiche leo: hatukuwahi kukuuliza unaandika nini.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana ulijitanda netela yako nyeupe ukasema, "Naenda kwa wenzangu." Baba alidhani ni chama cha kuzikana. Siku moja alikufuata hadi mlangoni.

"Etenesh, hebu niambie, chama chenu kinamzika nani kila Jumamosi?"

"Tunafufua," ukamjibu, ukaenda zako.

Kumbe mlikuwa watu wanane katika duka la Seid, fundi nguo, mmekaa kati ya majora na cherehani, kila mmoja na alichoandika wiki ile. Alikuwepo Gashe Kebret, mzee tuliyemwita hivyo kwa heshima, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hakuvumilia neno la ziada. Alikuwepo Zinet wa duka la dawa, mwenye mashairi na haya nyingi. Mlikuwa na sharti moja: hakuna anayeruhusiwa kusifu wala kukosoa kabla hajarudia kwa kichwa angalau sentensi tatu za aliyesoma. Asiyeweza, anyamaze mpaka wiki ijayo. Haya tuliyajua baadaye sana.

Kisha ikaja mvua ya mwezi wa Nehase, miaka minne iliyopita, maji yakashuka kutoka mlimani yakaingia chumba cha chini. Tuliokoa magodoro, tukaokoa redio. Sanduku lako la bati tulilikumbuka asubuhi. Ndani yake mlikuwa na madaftari kumi na moja, kazi ya miaka tisa, yamekuwa rojo. Ulichota kwa viganja, ukaangalia wino ukikuchuruzika mkononi. Surafel akasema tuyaanike juani. Ukamwambia, "Mwanangu, anika nguo."

Hukulia. Ingekuwa afadhali ungelia. Jumamosi ile hukuvaa netela, wala iliyofuata. Baba akakuuliza mbona huendi kwa wenzako, ukamwambia, "Niende na nini?"

Jumamosi ya tatu mlango ukabishwa. Seid alikuwa mbele, amelowa, nyuma yake Gashe Kebret na Zinet, na wengine wanne ngazini. Kila mmoja alikuwa na daftari jipya kwapani.

"Etenesh," Seid akasema, "tumekurudishia vitu vyako."

"Vitu gani? Sijamwazima mtu kitu."

"Umetusomea miaka tisa, mwanamke. Unadhani tulikuwa tunasinzia?"

Wakakaa kwenye mkeka, Gashe Kebret kwenye kigoda. Akafumba macho, akaanza hadithi yako tangu mstari wa kwanza: "Mji mzima ulipita masikioni mwa Abonesh, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza jina." Akaendelea. Ukurasa mzima, mama! Mzee yule ambaye husahau fimbo yake kila aendako. Alipokwama, Zinet akapokea. Zinet alipokwama, Seid akapokea. Sisi watoto wako tulisimama mlangoni na birika la chai mkononi, chai inapoa, hakuna anayemimina. Ulikuwa umetulea wewe, na hatukuwa na sentensi yako hata moja. Watu hawa walikuwa nazo zote.

Walibishana pia.

"Abonesh alivaa gauni la kijani," Seid akasema.

"La kijani lilifutwa," Gashe Kebret akamkatiza. "Nililipinga mimi mwenyewe, akalifuta."

"Ulipinga wewe kila kitu! Tukikusikiliza wewe, Abonesh atabaki uchi."

Ukacheka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko chako tangu mafuriko.

Walipofika kwa mumewe Abonesh, yule bwana anayekohoa kila anapotaka kudanganya, Baba akakohoa pale pembeni bila kujua. Chumba chote kikamgeukia. Baba akatazama huku na huku, akakuuliza polepole, "Etenesh, huyo ni mimi?"

"Msikilize kwanza, ndipo uamue."

Akasikiliza mpaka jioni. Walipoondoka alikaa pale pale mkekani, akasema kama anayejisemea, "Nimelala pembeni ya mtu huyu miaka thelathini."

Ilichukua Jumamosi kumi na nne. Wao walisema, mimi Meklit nikaandika, wewe ukasahihisha. Wengine walileta vipande walivyokuwa wamenakili pembeni mwa madaftari yao ili wapate kukukosoa. Sura ya tisa peke yake haikurudi, maana hukuwahi kuwasomea. Uliiandika upya, kwenye kifuniko cha pipa, na safari hii sisi tulikaa tukakungoja umalize.

Kitabu kilipokwenda kuchapwa ulitaka majina yao saba yawe kwenye jalada pamoja na lako. Gashe Kebret akayafuta kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Kitabu chako. Sisi tulisikiliza tu." Mkagombana wiki mbili. Alishinda yeye, na tunajua hukumsamehe kabisa.

Ulipougua, duka likahamia chumbani kwako. Ukiwa huwezi tena kukaa, Zinet alikusomea shairi lake jipya. Kwenye mstari wa nne ukainua kidole, ukasema, "Hapa unaogopa." Akatoka nje akalia, akarudi na mstari mwingine. Ukaurudia kwa kichwa, neno kwa neno, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana. Siku tatu baadaye ukaenda. Mwezi uliopita Zinet alituletea kitabu chake cha kwanza, na mstari ule umo.

Mama, tulidhani mwandishi ni mtu mmoja na karatasi. Bado tunaikumbuka ile Jumamosi ya mvua. Hatukuwashukuru wenzako wakati ule, kwa aibu. Tunawashukuru leo mbele ya watu wote.

Baba huenda dukani kwa Seid siku hizi. Haandiki. Juzi mwanao Tsigereda alimkuta mezani na kitabu chako, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. Alimwuliza, "Baba, unasoma?" Akasema, "Najifunza. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili, bila kuangalia."

Unakumbukwa na mumeo Asnake Bogale. Wanao Meklit, Surafel na Tsigereda. Dada yako Yeshiemebet wa Kombolcha. Na ndugu zako wa Jumamosi: Seid Yimam, Kebret Wolde, Zinet, na wenzao wanne walioketi mkekani kwetu.

Pumzika, mama. Maneno yako tunayo sasa, na tuko nawe siku zote.