Shikamoo Kabla Gari Halijashuka

Mpendwa Mjomba,

Usishangae barua imeanza bila shikamoo. Sijasahau adabu. Shikamoo yako nimeiweka mwishoni, na ukifika huko utaelewa kwa nini.

Jumapili ulipopiga simu uliita, "Ghati! Ghati, upo?" Mimi nilikuwepo, nimeishika simu kwa mikono miwili, nahema tu, mpaka Mama akaninyang'anya. Unanijua. Nikiandika angalau najieleza. Na hii nimeamua iwe barua ya wazi, mwalimu wetu wa Kiswahili ataibandika kwenye ubao wa matangazo, kwa hiyo hata wale wanaonicheka darasani wataisoma. Nikifikiria natamani kuificha. Lakini wasome tu.

Nataka kukuambia kuhusu lifti yako ya kuinulia magari. Usishtuke, haijauzwa. Bado iko uani kwa Babu, hapa hapa Bomani. Ila kuna siku ilikuwa iondoke.

Unakumbuka ilivyoingia? Dhahabu ilikuwa imepamba moto, na kila kijana aliyepata mgao wake kwenye duara, shimo la wachimbaji, alitoka humo akarudi mjini na pikipiki mpya, anapiga honi hata mahali pasipo na mtu. Babu alikaa mlangoni akingoja urudi na ng'ombe. Alikuwa amekwambia wazi: ukipata, nunua ng'ombe, uoe. Wewe ukaja na pikapu kutoka Sirari, ndani kuna vyuma viwili virefu, pampu ndogo na mipira yake ya oili. Ulituambia afisa wa mpakani alikuuliza kama ni vitanda vya hospitali, ukamjibu, "Ndiyo, mzee, vya magari wagonjwa." Sisi tulicheka. Babu hakucheka. Alivizunguka vile vyuma, mikono nyuma.

"Hivi vinakula majani?"

"Havili, Tata," ukamjibu baba yako.

"Vinazaa?"

"Havizai."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mimi nilivipenda siku ile ile, Mjomba, na hili sijawahi kumwambia mtu. Wasichana wenzangu wanapenda vitu vya kueleweka. Mimi napenda pale gari linapoacha ardhi. Tulikuwa tunafagia lile zege ulilomwaga chini ya mabati, kaka Mwita anasukuma chuma kimoja chini ya gari kulia, wewe kingine kushoto, halafu kitufe kinabonyezwa na gari linainuka taratibu, halina haraka, kama ng'ombe aliyeshiba anavyosimama. Loki za kuzuia lisishuke zikikaa zinalia ka! Hapo ndipo unatandika maboksi yako na kuingia chini ukipiga mluzi. Kwa mafundi wengine mjini gari lilisimama juu ya jeki na mawe. Kwetu ukimaliza kazi tunavisimamisha vyuma ukutani, na Mama anaanika kanga juu yake.

Lakini Mama alikuwa na sharti lake, unalikumbuka. Alilitoa akiwa ameshika mwiko: "Siku nitakayosikia hata kidole cha mtu kimebanwa, hivi vyuma vinakwenda kwa wanunuzi wa chakavu." Na Babu akadakia kutoka ndani, "Hata leo ni sawa! Viuzwe tupate ndama."

Ndipo ukaweka ile kanuni. Ulitueleza habari za rafiki yako wa gereji ya Isebania, yule ambaye sasa anatembea na gongo, kwamba gari lilishushwa juu ya mguu wake na hakuna mtu aliyeuliza yuko wapi. Kwa hiyo uani kwetu, kabla gari halijashuka, mwenye kitufe anamwita kila aliyepo, na kila mtu anaitika. Asiyeitika, gari linabaki juu. Halafu kitufe ukanipa mimi.

Mimi! Ulijua kabisa. Ulinilea kule Isebania, upande wa Kenya, miaka yote ya shule ya msingi, ukaniona ninavyojificha nyuma ya pazia wageni wakija. Na ulijua tuliporudi Tarime nilinyamaza zaidi, maana nilisimama darasani nikasema, "Mwalimu, niko na swali," na darasa zima likaangua kicheko, "Mkenya huyo!" Tangu hapo nilikuwa na maswali mengi na sikuuliza hata moja. Nilikwambia sauti yangu haitoshi. Ukasema, "Mwita ana mikono. Wewe una macho. Sauti itakuja yenyewe."

Haikuja. Watoto nilikuwa naweza kuwaita kwa majina. Ila wazee je? Mimi nimwite Babu kwa jina lake, "Chacha, uko wapi?" Si ningepigwa na radi? Siku ya kwanza nilisimama pale na kitufe, gari liko juu, Babu kwenye kiti chake mlangoni amenuna, na jirani mzee amekuja kuomba moto. Nikakwama. Nikasema kile ambacho mdomo wangu ulikizoea: "Shikamoo, mzee." "Marahaba." "Shikamoo, Babu." Naye, kwa shingo upande, "Marahaba." Nikabonyeza.

Ulicheka mpaka ukakaa juu ya tairi. "Hiyo hiyo!" ukasema huku unafuta machozi. "Hakuna mzee Tarime hii atakayemnyima mtoto marahaba, hata akiichukia lifti vipi." Ikawa ndiyo kanuni yetu. Babu alikuwa hakusemeshi wewe, lakini marahaba yangu hakuninyima.

Halafu ukasafiri kwenda huko kwenye kazi ya jangwani. Babu hakutoka kukusindikiza. Ulisimama mlangoni kwake na begi, ukasubiri, ukaondoka. Nilikuona.

Sasa sikiliza.

Jumamosi moja asubuhi aliingia kijana anaitwa Marwa, mchimbaji, amevaa suti nyeupe na viatu vya kuchongoka. Alikuwa anaoa siku hiyo hiyo, bibi harusi yuko Mbalibali, na ekzosi ya gari la harusi ilikuwa inaburuzika chini kama mkia. Gari lote limefungwa riboni na mashela, mashela mpaka kwenye magurudumu. Alikuja na wazee wake, wamevaa makoti, wana njaa. Tukaliinua. Kaka Mwita akachomelea ekzosi vizuri kabisa. Akatoka chini, akasema, "Shusha."

Umeme ukakatika.

Unajua lifti ilivyo: ili loki zifunguke lazima kwanza ipande kidogo, na bila umeme haipandi. Gari la harusi likabaki juu limependeza, na bwana harusi chini yuko karibu kulia.

"Dada, fanya kitu! Mimi nitaoa kwa miguu?"

Mzee mmoja akasema, "Tulibebe sisi, tuko wengi." Wakaanza kuvua makoti. Kaka Mwita akawazuia. Marwa akawapigia simu rafiki zake wa kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, wakasimamisha kazi yao na kutuletea jenereta kwa bajaji, yote imejaa vumbi jeupe. Kuisubiri ilichukua muda. Mama akapika chai. Wazee wakakaa, wakasimama, wakatembea. Hata kuku walichoka.

Jenereta ikanguruma. Kaka Mwita akaunganisha, lifti ikapanda kidogo, loki zikafunguka. "Haya, bonyeza!"

Nikaanza zamu yangu. "Shikamoo, mzee."

"Binti, si umetuamkia asubuhi?"

"Shikamoo, mzee."

"Huyu katokea Kenya," mwingine akasema, "labda huko wanaamkia kila saa." Wakacheka wote. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Marahaba, marahaba, walinipa huku wanacheka. Kaka Mwita akaninong'oneza, "Ghati, watu wanachelewa." Marwa akasema, "Dada, huyo mwanamke ataolewa na mwingine!"

Nilikuwa nimebakiza mmoja. Kiti cha Babu kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, Babu," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kwenye simu.

Kimya.

"Amelala ndani huyo," kaka Mwita akasema. "Bonyeza."

Nakiri, Mjomba, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Watu wote walikuwa wananitazama, na kitu ninachokiogopa kuliko vyote duniani ni watu kunitazama. Kubonyeza kungewafanya waache. Nikakumbuka lile gongo la rafiki yako. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikapiga ukelele:

"SHIKAMOO, BABUUU!"

Jenereta haikufua dafu. Bodaboda waliokuwa barabarani wakajibu, "Marahabaaa!" Mbwa wa jirani akabweka. Na kutoka chini ya gari, nyuma ya yale mashela, ikaja sauti ya taratibu:

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unapiga kelele? Mimi si kiziwi."

Hakuna aliyecheka. Kaka Mwita alishika kichwa. Niliondoa kidole kwenye kitufe, nikakificha nyuma ya mgongo. Babu akatoka polepole juu ya maboksi yako, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika, chai inamwagika chini na hajui.

"Baba," Mama akasema, "ulikuwa unafanya nini huko?"

Babu akajikung'uta. Akavitazama vile vyuma, kimoja, halafu kingine.

"Nilikuwa natazama ng'ombe wa mwanangu," akasema. "Tangu asubuhi wamebeba hilo gari. Hawajatikisika hata kidogo."

Nikashusha. Gari lilipogusa zege wazee wote wakajibu "Marahaba!" bila kuulizwa, na Marwa akaondoka na honi, riboni zinapepea. Tulilipwa kipande cha keki na wali wa harusi, vililetwa jioni na bajaji ile ile.

Mama alisubiri wageni waishe. "Vyuma hivi kesho vinaondoka," akasema. "Baba yangu alikuwa chini pale." Nilitaka kusema na sauti ilikuwa imerudi ilikotoka.

Babu ndiye aliyejibu, anapiga ugoro wake. "Nani kabanwa kidole? Mimi vidole vyangu hivi hapa. Mtoto kaniita, nikaitika. Haviendi popote. Jozi ya mwanangu haiuzwi kwa watu wa chakavu."

Jozi, Mjomba! Kama ng'ombe wa plau. Sasa kila mgeni akija Babu anampeleka ukutani kumwonyesha. Cha kulia, chenye rangi iliyobanduka, anakiita Madoa. Cha kushoto ni Mweusi. Juzi nilimkuta anapangusa vumbi na kofia yake. Kiti chake kimehamia karibu na pampu, na siku hizi ananipa marahaba kabla sijamwamkia.

Yeye hatakwambia. Ukipiga simu atauliza hali ya hewa ya huko kisha atamrudishia Mama. Lakini wewe muulize, "Tata, ng'ombe wangu hawajambo?" Halafu subiri.

Na mimi wiki hii nilinyoosha mkono darasani. Nikasema, "Mwalimu, niko na swali." Walicheka. Nikauliza hivyo hivyo.

Siku utakayorudi tutalipandisha hata gari la jirani, ili mradi gari. Wewe utasimama pale karibu na Babu, mimi nitashika kitufe, na nitaanza na wewe.

Shikamoo, Mjomba.

Nasubiri marahaba yako. Gari liko juu.

Mpwa wako,
mwenye kitufe