Usafi wa Godlisten

Jumatatu, 6 Oktoba
Kupandisha toleo la majaribio, kuangalia makosa, kurudia. Asubuhi nzima. Plagini yetu, programu ndogo ya nyongeza, hupandisha vipande vya programu za wateja kwenye wingu la mtandao, wasihangaike na seva. Tuliianza wawili, mimi na Godlisten, sebuleni kwa mama yake, kule Lemara. Sasa tuna ofisi na yeye anajiita mkurugenzi. Simpendi tena. Bora niandike wazi.

Jumatano, 8 Oktoba
Toleo jipya lina mambo matatu. Kurudisha toleo la nyuma kwa amri moja: nimeandika mimi. Kumpa kila mtengenezaji mazingira yake ya majaribio: mimi. La tatu ni lake, analiita "usafi". Kipande kikikaa wiki kadhaa bila kuitwa kufanya kazi kinafutwa chenyewe. Hakuna anayeulizwa. Nimemwambia viko vipande vinavyoitwa kwa nadra kwa sababu ndiyo kazi yake, kama gari la zimamoto. Akacheka mbele ya wenzetu. "Wewe Ndeshi umezidi woga." Nilitamani kumrushia kikombe.

Ijumaa, 10 Oktoba
Godlisten amelitoa toleo. Kwenye mkutano wa watengeneza programu pale mjini alisimama akasema "nimeyabuni mimi". Yote matatu. Makofi. Nilikuwa nyuma, nala sambusa iliyopoa.

Jumanne, 14 Oktoba
Simu kutoka Kikatiti. Sista Ruthi, muuguzi wa zahanati tuliyoitengenezea kitufe cha kumwita dereva wa gari la wagonjwa. Jana mchana mama mjamzito alianza kutoka damu. Sista akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Alipoacha kitufe na kumpigia dereva, muda ulishakwenda. Walimpakia mgonjwa kwenye pikapu ya mchuuzi wa ndizi kwenda hospitali. Mama yuko hai. Mtoto amefariki.
Nimefungua kumbukumbu za mfumo. Kipande kinachoendesha kitufe hicho kilifutwa Jumapili. Usafi.


Jumatano, 15 Oktoba
Godlisten amemwandikia Sista kwamba mtandao ulisumbua. Nimeusoma huo ujumbe kwa macho yangu. Nikaingia kwake, nikafunga mlango.
"Mwambie ukweli."
"Unataka tufunge ofisi? Mtoto ndiyo ameshakufa, Ndeshi."
Alisema hivyo. Nimeyaandika yalivyo. Namchukia.
Nimekirudisha kipande kwa ile amri yangu, nikang'oa usafi kwenye plagini. Nimewatangazia watumiaji wote waache toleo lile leo hii, na sababu nimeitaja. Alipoona alinitukana kwa Kichaga, mpaka mama yangu akaingizwa. Nimechukua laptopu yangu. Sirudi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kikatiti. Nilimpa Sista shikamoo, hakuitikia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Yule mama alikuwa amerudishwa hapo kutoka hospitali; mumewe alikuwa kwenye benchi, na bakuli la chakula mapajani. Alisikia kila neno.
"Mlijua?"
"Mwenzangu alionywa."
"Sijauliza hivyo, dada."
Nikasema tulijua. Akainuka, akaingia wodini. Sista akaniambia niondoke.
Nilisubiri usafiri upande wa pili wa barabara, juani. Nilistahili.

Jumapili, 19 Oktoba
Kanisani. Godlisten alikuwa kwenye kwaya. Anaimba vizuri, mshenzi yule. Nilitoka kabla ya baraka.
Mvua imeanza, Mlima Meru hauonekani. Mchana ujumbe wa Sista Ruthi: mama ameruhusiwa, yuko nyumbani. Basi. Hakuna salamu. Nimeusoma mara mbili.
Nimefua. Nimeanika ndani.