Baba Krismasi Nimemzaa Mimi

Mjomba wako Daudi amechaguliwa kuwa Baba Krismasi wa kanisa letu. Haya, Neema mjukuu wangu, marahaba, shikamoo yako ilifika. Hapa Kitangari tu wazima na mikorosho imezaa.

Umeuliza Baba Krismasi alikuwaje utotoni. Umemuuliza anayejua, maana nimemzaa mimi.

Alikuwa na miaka sita. Nilipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji ya kumpikia mama mkwe, aliyekuwa njiani kuja kwetu. Nikaenda kwa jirani kuomba chumvi. Kurudi, nakuta watoto wa mtaa mzima wamepanga mstari na Daudi anawanywesha kwa kata. Ndoo kavu.

"Usigombe, mama, wewe nimekubakizia," akasema, akanipa nusu kata.

Mama mkwe akafika na kuelezwa. Nilimwamkia mara mbili kwa woga.

"Mama Daudi, huyu umemlea wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umelea."

Akakaza kanga, tukashuka bondeni pamoja. Njia nzima alidai ukarimu ule ni wa ukoo wao. Mpaka leo sijakubali.

Tunawangoja nyote asubuhi ya Krismasi.